Herufi Nene na Kazi Yake

Huenda wengine kati yenu watashangaa kuona ya kuwa safari hii hatuandiki habari ya sala wala ya malezi ya watoto, bali habari ya maumbo ya herufi. Watasema: "A ni a tu, mradi mtu amejua kusoma." Lakini fikirini kidogo. Neno moja huweza kunong'onwa, huweza kusemwa kwa sauti ya kawaida, tena huweza kupigiwa kelele toka ng'ambo ya mto. Neno ni lile lile, lakini kila mara humfikia msikilizaji kwa namna nyingine. Ndivyo ilivyo kwa herufi. Iko herufi nyembamba ya kitabu, ya kusomwa karibu, kimya, na mtu aliyeketi. Iko tena herufi nene, ya kusomwa na mtu apitaye njiani na mzigo kichwani, asiye na nia yo yote ya kusimama. Leo twataka kuitazama hiyo ya pili, na hasa ile ya kizamani yenye miguu, kwa sababu hapa kwetu Kiringye, katika bonde la Ruzizi kaskazini ya Uvira, imetutia katika shida, na baadaye imetusaidia sana.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Tazameni herufi I kubwa iliyochapwa katika Misale. Ule mti wake uliosimama tutauita nguzo. Juu na chini ya nguzo pana kijistari kilicholala. Huo ndio mguu wa herufi. Herufi nyingi za simu za mkononi hazina miguu hiyo, zimesimama kama vigingi vya mbuzi. Sasa tazameni A. Upande wake wa kushoto ni mwembamba, upande wa kulia ni mnene. Ule wembamba tutauita uzi. Basi, herufi nene ya kizamani ni ile ambayo nguzo zake zimenenepeshwa mpaka zinakaribia kugusana, na miguu yake ikaachwa mahali pake.

Miguu hiyo ilitoka wapi? Kwa muda mrefu wataalamu walisema imetokana na patasi ya mchonga mawe, aliyemaliza kila mstari kwa kukata pembeni ili ncha yake iwe safi. Ndipo akatokea padri mmoja wa Marekani, Padri Edward Catich. Alikuwa yatima, akalelewa katika makao ya watoto ya Mooseheart, huko Illinois, na humo alifundishwa kazi ya kuandika vibao. Baadaye aliifanya kazi hiyo Chicago. Alipokuwa Roma katika miaka ya 1930 alikwenda kuyatazama maandishi yaliyo chini ya nguzo ya Kaisari Trajano, ya mwaka 113. Wengi walikuwa wameyatazama kabla yake, lakini yeye aliyatazama kwa macho ya mtu aliyeshika burashi kazini. Akaona ya kuwa mstari ule unaonenepa na kukonda, na mguu ule uliopinda kidogo, vyafanana kabisa na mwendo wa burashi bapa mkononi mwa mwandika vibao: akifika mwisho wa nguzo hugeuza vidole, na rangi huacha mguu. Mwandishi aliandika kwanza kwa rangi, mchongaji akafuata nyayo zake kwa patasi. Padri Catich alieleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1968, naye alikuwa mwalimu katika chuo cha Mtakatifu Ambrosi mjini Davenport, Iowa, mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1979. Maelezo yake yamekubaliwa na wengi. Sisi tumeyapenda kwa sababu moja zaidi: yule kijana wa kwetu anayeandika majina ya mitumbwi na ya vioski kwa kopo dogo la rangi anaifanya kazi iliyofanywa Roma karibu miaka 2,000 iliyopita, na mkono wake hugeuka vile vile.

Kunenepa kwa herufi ni jambo la baadaye, nalo lililetwa na biashara. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta za London zilijaa matangazo ya bahati nasibu, ya michezo na ya dawa, na kila mwenye tangazo alitaka sauti yake ipite ya jirani. Mfua herufi mmoja, Robert Thorne, alizinenepesha nguzo kupita kiasi, lakini nyuzi akaziacha nyembamba kama unywele. Zilikuwa kama mtu mwenye tumbo kubwa na vifundo vya miguu vya mtoto. Zilipendeza, zikanunuliwa sana. Thorne alikufa mwaka 1820, na kiwanda chake kikachukuliwa na William Thorowgood, ambaye, kwa kadiri inavyosimuliwa, alizipata fedha za kukinunulia katika hiyo hiyo bahati nasibu. Kwa kuwa herufi kubwa za risasi ni nzito na za gharama, Mmarekani mmoja, Darius Wells wa New York, alianza mwaka 1827 kuzichonga za mti kwa mashine, na tangu hapo tangazo likaweza kuwa kubwa kama mlango.

Lakini kasoro ya uzi ilibaki. Dawa yake ilitoka katika kiwanda kile kile cha Thorne, mwaka 1845, miaka 25 baada ya kufa kwake. Robert Besley alitoa herufi iitwayo Clarendon. Nguzo zake ni nene, lakini nyuzi nazo zimepewa nyama, na mguu haukubandikwa chini ya nguzo kama kisahani: umeungana nayo kwa mpindo, kama mwembe unavyopanuka unapoingia ardhini. Sheria ya Uingereza ilimpa haki ya peke yake kwa miaka 3. Ilipokwisha, wengine walimwiga mara moja, na hiyo ni dalili ya kitu chema. Hatuna haja ya kuwataja wote waliofuata. Tumtaje mmoja tu, Oswald Cooper wa Chicago, ambaye herufi yake ya mwaka 1922, Cooper Black, nanyi mmeiona hata kama hamjui jina lake. Ni ile nene sana yenye miguu ya mviringo, laini kama maandazi, iliyo juu ya maduka na juu ya fulana za vijana. Husimuliwa ya kuwa mwenyewe alitania akisema ni herufi ya wapiga chapa waonao mbali wenye wateja wasioona mbali.

Haya yote yana faida gani kwa mtu wa Kiringye? Sikilizeni.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ilileta kibao kizuri, ikakisimamisha kando ya mfereji unaomwagilia mashamba yetu ya mpunga. Nia yao ilikuwa njema. Nyote mwajua ya kuwa kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mwambao wa Uvira na bondeni; mwaka 2020 watu wengi wa Uvira walipewa hata chanjo yake ya kumeza. Maji ya mfereji hupita katika mashamba na kando ya nyumba, nayo huchukua kila kitu. Kibao kilitaka kusema: maji haya si ya kunywa. Lakini aliyekipanga alikuwa amependa matangazo ya kizamani. Basi juu aliandika MAJI kwa herufi nene sana, chini akaandika KUNYWA kwa herufi zile zile, na katikati, kwa herufi ndogo zenye maua huku na huku, akatia "haya si ya".

Mpango huo ni wa kale katika nchi za wenzetu. Wapiga chapa walipanga maneno makubwa katika mistari mikubwa, na yale madogo ya kuunganisha wakayabana katikati na kuyapamba, kwa maana msomaji akiyaruka hapotezi neno. Katika Kiingereza pengine yafaa. Katika Kiswahili ni hatari, kwa sababu kukana kwetu hukaa katika silabi ndogo kabisa: si, ha, usi. Ukiipunguza silabi hiyo umegeuza maana yote. Mtu aliyepita njiani alisoma MAJI, akasoma KUNYWA, akaendelea na safari.

Palikuwa na bibi mmoja ambaye alijua kusoma tangu muda mfupi tu. Alikuwa amejifunza pamoja na wengine katika masomo ya jioni tuliyoyaendesha kanisani, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alikuwa akiyaamini maandishi kuliko sisi tuliosoma seminari. Mjukuu wake alipoanza kuharisha tulimsaidia kumpeleka kituo cha afya, na njiani tukamwuliza walichota maji wapi. Akajibu bila wasiwasi: "Mwalimu, si pameandikwa maji ya kunywa?" Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Hatusemi ya kuwa kibao ndicho kilichomwugua. Watu walikunywa maji ya mfereji hata kabla ya kibao, kwani chanzo safi ki mbali. Lakini jibu la bibi yule lilitukaa moyoni. Tulikuwa tumemfundisha kusoma, naye alisoma. Waliomwandikia ndio hawakumfikiria.

Kisha mvua mbili zikapita, na jua la bondeni mnalijua. Hapo kasoro ya bwana Thorne ikaonekana mbele ya macho yetu. Rangi ya nguzo nene ilidumu, rangi ya nyuzi ililiwa. H ya "haya" ilipoteza ule mstari wake wa katikati, ikawa nguzo mbili zisizojuana. A zilibaki na mguu mmoja wa kulia. U ya KUNYWA ilikuwa sasa I. N ndiyo iliyotuhuzunisha zaidi: katika herufi za namna hiyo nguzo zake mbili ndizo nyuzi, na kilicho kinene ni kile kipande cha mshazari tu, basi ilibaki kama mti ulioangushwa na upepo. Watoto walidhani ni urembo wa uzio. Mbuzi walikuwa wakijikuna hapo.

Tuliomba ruhusa ya kukiandika upya, tukaipata. Fundi wetu ni kijana hodari, mwenye mkono mwepesi na kiburi kidogo cha kazi, jambo ambalo kwa fundi si baya. Alitaka kutia vivuli, maua na rangi tatu. Alituambia: "Mwalimu, herufi bila urembo ni kama harusi bila ngoma." Tukamjibu ya kuwa hapa hapana harusi. Tulibishana siku mbili, na mwisho tulipatana juu ya mambo kadhaa ambayo twapenda kuwaambia wenzetu wa sehemu nyingine, maana ni ya kazi.

Tulianza na neno lenyewe kabla ya rangi. Tuliliweka juu, peke yake, neno ambalo mtu akilisoma hilo moja tu na kwenda zake atakuwa amepata linalomwokoa: USINYWE. Mstari wa pili, kwa kimo cha nusu: MAJI HAYA. Chini kabisa, kwa herufi za kawaida za kusomwa na aliyesimama: chemsha kwanza, au tia dawa. Maneno ni yale yale karibu, lakini sasa sauti kubwa imepewa neno linalostahili. Herufi nene haiwezi kupiga kelele kwa maneno yote. Ukiandika yote kwa unene, macho hayajui pa kushika, kama darasa ambalo watoto wote wanajibu pamoja.

Umbo tulichukua la namna ya Clarendon, nguzo nene, uzi wenye nyama, miguu iliyoungana kwa mpindo. Fundi hakulijua jina hilo, lakini alipoliona katika jalada la kitabu cha zamani alicheka akasema kumbe ndilo alilokuwa akilitafuta kwa mkono wake tangu zamani. Tulimwuliza kwa nini asiondoe miguu kabisa, kwani herufi zisizo na miguu ni rahisi kuandika. Jibu lake lilikuwa la mtu wa kazi. Alisema rangi huanza kuliwa penye ncha, na mguu hulinda ncha, kama pindo linavyolinda nguo isifumuke. Tunaona ana haki. Tena kuna sababu nyingine ambayo hakuisema: bibi yule na wenzake walijifunza kusoma katika vitabu vya misioni vyenye herufi zenye miguu, na mtu hutambua upesi uso aliouzoea.

Kimo nacho kina kipimo chake. Waandika vibao huhesabu sentimita 2 na nusu za herufi kwa kila mita 3 za umbali, kama wataka isomwe bila taabu. Toka njiani mpaka mferejini pana kama mita 15. Basi herufi zetu zilitakiwa kuwa na sentimita 12 na nusu. Ndipo tulipokutana na shida ya Kiswahili chenyewe. Mwingereza ana maneno mafupi, atajaza ubao kwa herufi tatu au nne. Sisi twajenga neno kama treni, kichwa, mabehewa na mkia: usinywe, hairuhusiwi, wanakaribishwa. USINYWE ina herufi saba, W ni pana kama mlango wa mabawa mawili, na ubao ulikuwa wa mita 1 na robo. Fundi alitaka kuzibana ubavuni. Tukakataa, tukatafuta ubao mrefu zaidi. Ukilazimisha herufi nene kuwa nyembamba ili iingie, matundu yake huzibika, na herufi husomwa kwa matundu yake kama inavyosomwa kwa nguzo.

A ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa sababu sisi tuna a nyingi mno. Mtu aliyepanga herufi za risasi alilijua jambo hili: sanduku lililopangwa kwa Kiingereza hujaa e, na k zake ni chache, lakini ukurasa wa Kiswahili hudai a juu ya a, na k kila mahali. Bwana Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawafundisha vijana wa misheni yake kazi ya chapa, bila shaka aliyaona hayo mapema. Katika kibao, A mbili zikifuatana na Y au W huacha pengo jeupe kubwa kama jino lililong'oka, kama katika HAYA. Fundi mwema huzisogeza zikaribiane. Kompyuta huweza kufanya hivyo kwa herufi zilizotengenezwa vizuri. Kwa zile za ovyo huacha pengo kama lilivyo.

Jambo dogo jingine ni alama ya ng'. Katika herufi nene alama ile hufinyangwa mpaka inakuwa doa la rangi, na ng'ombe wa mtu akawa mnyama asiyejulikana. Kwa Kifuliiru ni vokali mbili zinazofuatana: fundi akiona nafasi haitoshi huiba moja. Yeye huona ameokoa nafasi, mwenye lugha huona jina lake limekatwa.

Siku hizi vijana mjini Uvira huchapisha mabango ya plastiki kwa kompyuta, nasi hatuwalaumu, kwani ni upesi. Tunawaomba jambo moja tu: msivute herufi kwa pande ili ijaze bango. Herufi nene imepimwa, nguzo kwa uzi na uzi kwa tundu. Ukiivuta kama unga wa chapati, nguzo hupanuka na miguu hubaki ilivyo, ikawa kituko. Andika neno fupi, au nunua bango refu. Tuliyaona haya mwaka 2024, yalipoandaliwa mambo ya Agosti 18, siku ambayo mjini Uvira walitangazwa wenye heri wale mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert. Majina kama hayo hayakubali kubanwa. Kijana mmoja aliondoa alama iliyo juu ya e ya Didonè kwa kuwa ilichungulia nje ya mstari. Tukamwambia airudishe, hata ikichungulia. Jina la aliyeuawa huandikwa lote.

Katika vitabu herufi nene ina kazi ya kiasi, nayo ni nzuri. Namba ya wimbo, mwanzo wa somo, neno la kamusi: hapo humwongoza msomaji kama mtu aliyesimama njia panda. Wazee wetu wa kwaya hutafuta namba ya wimbo kwa mwanga hafifu wa alfajiri, na namba nene huwafaa kuliko miwani ya kuazima. Lakini wako wanaochapa barua nzima ya parokia kwa unene, wakidhani wanatia nguvu. Tumeisoma moja kama hiyo mpaka mwisho, kurasa mbili, na kichwa kiliuma.

Kibao cha mfereji kimesimama. Kabla ya kukipigilia tulimwita bibi, tukamsimamisha njiani chini ya mwembe, mbali kuliko zile mita 15, tukamwambia asome. Alisoma neno la juu mara moja, kisha akatembea mbele mwenyewe ili asome ya chini. Watu bado huchota pale, kwani chanzo safi hakikusogea kwa sababu ya kibao. Lakini wengi sasa huchemsha, na wasiochemsha hawawezi kusema hawakuambiwa. Rangi tulichagua nyeusi juu ya nyeupe. Fundi alipenda nyekundu, ila nyekundu ya makopo ya bei ndogo huwa ya kwanza kukimbia jua.

Sasa amepewa kazi ya kuandika jina la kanisa letu dogo juu ya mlango. Hapo tumemwachia uhuru wake wote, vivuli, maua, hata nyuzi nyembamba kama unywele akizitaka, kwa maana kila mtu hapa analijua jina hilo, tena paa litazikinga na mvua. Amekwisha kuomba kopo la rangi ya dhahabu. Mama mweka hazina anasema ya njano itatosha.